Bendera ya Saa Tano Kasorobo

Aliteleza Jumamosi, na treni ya mwisho kabla ya kufungwa kwa reli ilikuwa iondoke Alhamisi. Msiba wa nyumba hii uliingia katikati ya siku hizo mbili, ingawa ile siku ya kwanza hakuna aliyeutambua, na mwenyewe aliyeanguka alikuwa akicheka.

Alicheka kwa kuwa aliangukia mahali pasipomhusu tena. Alikuwa mtunzaji wa chumba cha kusubiria cha akina mama pale stesheni, mpaka chumba kilipofungwa miaka minne nyuma, akaambiwa ahsante na kwaheri. Lakini kota yao ya reli ilikuwa hatua hamsini tu kutoka jukwaa la abiria, na kila Jumamosi aliendelea kubeba ndoo na tambara akadeki chumba ambacho hakuna mama aliyesubiri kitu ndani yake. Watu wakimuuliza analipwa na nani, hujibu, "Nalipwa na pua yangu. Siwezi kulala jirani na uvundo." Jumamosi hiyo ngazi za mlangoni zilikuwa na utelezi wa sabuni yake mwenyewe. Mguu ulikwenda huku, ndoo ikaenda kule.

Mumewe alimkuta ameketi chini, amelowa mpaka kiunoni.

"Usinitolee macho, Bwana Dakika," alisema. "Nipe mkono."

Mume akampa mkono, akamvuta, na hapo ndipo kicheko kilipokatika. Sauti iliyomtoka mwanamke yule ilisikika mpaka kwenye maduka ya ng'ambo ya barabara.

Mji mzima ulimwita mume huyu Mzee Dakika, na wengi hawakujua kama alizaliwa na jina jingine. Kazi yake ilikuwa bendera. Treni haikuondoka mpaka yeye ainue bendera ya kijani. Gadi akiiona hupuliza filimbi, dereva akiisikia filimbi hupiga honi, basi, safari. Stesheni masta alikuwa na kiti na simu, lakini bendera hakuishika. Kwa miaka thelathini na moja Mzee Dakika aliinua bendera ile, tangu zama za treni nne kwa siku mpaka hizi za treni moja kwa wiki, Alhamisi saa tano kasorobo, na hakuwahi kuchelewesha treni hata mara moja. Wenye maduka walirekebisha saa zao kwa mkono wake.

Siri ya kazi alifundishwa na mzee aliyemtangulia: dakika ya mwisho usitazame watu, tazama saa. Ukitazama watu, hakosi mmoja anayekimbia, mtoto mgongoni, mzigo kichwani, na ukimhurumia huyo, nyuma yake yuko mwingine, na treni itaota mizizi. Basi Mzee Dakika akazoea kuelekeza uso kwenye saa ya ukutani, na mshale ukigusa, mkono unapanda. Aliwahi kumwacha mkuu wa polisi. Aliwahi kumwacha bwana harusi na suti yake. Kisa kilichovuma zaidi ni cha mama mkwe, aliyebakiza hatua mbili aguse mlango wa behewa, na kuku wake wawili kikapuni. Bibi yule alirudi kota akakaa wiki nzima hasemi na mkwewe, huku bintiye akijifungia jikoni kucheka. Toka hapo ikawa msemo wa mjini. Mtu akilalamika kaachwa na treni, huambiwa: "Mkwe kaachwa, sembuse wewe?"

*

"Nyonga imevunjika," alisema daktari wa hospitali ya mji, msichana mwenye macho mekundu ya zamu ndefu. "Haitaunga yenyewe. Inatakiwa kufungwa chuma, na chuma kinafungwa bara, hospitali kubwa."

"Tutampandisha basi," alisema binti yao. Huyu alikuwa fundi cherehani, ndoa yake ilikuwa imemshinda, akarudi kwa wazazi na cherehani yake na kidole kilichojaa matundu ya sindano.

"Basi la nani, dada? Mama hawezi kukaa. Alale chali, asitikisike. Barabara ile mnaijua, mzima mwenyewe anashuka kajishika mgongo. Na gari letu la wagonjwa liko juu ya mawe tangu mwaka jana." Daktari akamgeukia Mzee Dakika, akaiona sare. "Si nyinyi watu wa reli mlikuwa mnabeba wagonjwa wamelala? Bado mnabeba?"

Mzee Dakika alihesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka Alhamisi.

"Mbebeni haraka," daktari alisema. "Kwa umri wake, akilala hivi siku nyingi kifua kitajaa. Hapo sitakuwa na la kuwasaidia."

*

Mlangoni mwa stesheni kulikuwa na ubao mkubwa wa kijani wenye maandishi meupe: HUDUMA ZA STESHENI. Chini yake palikuwa na mistari tisa. Kila huduma ilipoondolewa, makao makuu walituma barua, na Mzee Dakika, kwa kuwa mkono wake haukutetemeka, alipewa kopo la rangi ya kijani afute mstari. Alifuta simu za maandishi. Alifuta chai na vitafunio. Alifuta behewa la samaki wa barafu, na siku hiyo wavuvi walikuja kumtukana kana kwamba yeye ndiye aliyewanyima. Alifuta chumba cha akina mama mkewe akiwa amemshikia ngazi, akimwambia, "Paka vizuri basi, usiniache nusu." Na mwaka juzi alifuta WAGONJWA HUSAFIRISHWA WAKIWA WAMELALA, BEHEWA LA GADI. Jua lilikuwa limekwisha kuila rangi ile, na ukisimama upande, maandishi bado yalisomeka.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya meza ya stesheni masta, kijana wa umri wa kuwa mwanawe.

"Mkubwa, nina shida."

"Shida zote baadaye, Mzee. Alhamisi wanakuja wakaguzi kutoka makao makuu, na mheshimiwa atasoma historia ya stesheni kabla treni haijaondoka. Mimi nina miezi saba hapa, historia naijulia wapi? Keti. Jengo hili lilijengwa mwaka gani?"

Mzee Dakika hakuketi. Alisimama, kofia mkononi, akamsimulia. Kwamba reli ililetwa kwa ajili ya chumvi na mbao, abiria wakaja baadaye. Kwamba saa ya ukutani ililetwa kwa meli na ikakaa mwaka mzima ndani ya sanduku kwa kukosa mtu wa kuifunga. Kwamba ilikuwepo treni ya Jumapili ya watu wa bara waliokuja kuogelea, na jioni walirudi na mchanga masikioni, na mtunzaji wa chumba cha akina mama aliokota taulo mpaka akazigawa mtaani. Kijana aliandika, akacheka, akafuta, akaandika. Ilipita nusu saa. Mzee alikuwa akiuza alichokuwa nacho ili anunue neno moja.

"Sasa hiyo shida, Mzee?"

Aliposikia, kijana aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. "Huduma hiyo haipo. Umeifuta mwenyewe."

"Nimeifuta, mkubwa."

"Na wakaguzi watakuwa ndani ya treni." Alijikuna shingo. "Ongea na gadi kwa simu. Akikubali, mimi sikuona kitu. Lakini treni isichelewe, Mzee. Siku ya mwisho, mbele ya wakaguzi, usinivue nguo."

"Mimi? Lini treni ilichelewa hapa?"

"Ndiyo maana siogopi," kijana alisema, akairudia hotuba yake.

Gadi alikubali hata kabla ombi halijaisha. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. "Shemeji alale kwangu mpaka bara, nitamtandikia mwenyewe. Ila kaka, siku hiyo wakaguzi wanataka nikae nao behewa la mbele. La nyuma nitaliacha wazi, mumwingize. Mimi nitatazama bendera yako tu. Ukiinua, najua shemeji yumo."

*

Jumatano mchana, pale kota, binti aliirudisha cherehani pembeni, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake. Alikuwa amepata vijana wanne wa kubeba machela, majirani. Mpango ulikuwa mwepesi: wamtoe mgonjwa kota mapema, wamweke kwenye kile chumba cha akina mama kukwepa jua, treni ikifunga breki wavuke jukwaa, hatua arobaini mpaka behewa la nyuma.

"Kutakuwa na umati, Baba," binti alisema. "Mji mzima unakuja kutazama. Tukizuiliwa je?"

"Treni inasimama dakika ishirini na tano."

"Nimeuliza tukizuiliwa."

"Bendera si ninayo mimi? Nitaishikilia. Sitaiinua mpaka nimwone mama yako ndani kwa macho yangu haya mawili."

Mkewe, aliyelala chali amefumba macho, akacheka kidogo, akauma mdomo kwa maumivu. "Wewe? Mama yangu ulimwacha na kuku."

"Mama yako hakuvunjika nyonga."

"Angekuwa kavunjika ungemwacha na nyonga yake."

Walicheka wote watatu. Mzee Dakika akapiga magoti kando ya kitanda, kitu ambacho binti hakuwahi kumwona akifanya, akaushika mkono wa mkewe. "Mama Watoto, nakuahidi. Hata dakika kumi, nitaisimamisha. Wakaguzi wanifunge." Uso wake ulikuwa umechangamka. Kwa miaka yote thelathini na moja hakuwa amewahi kumpa mkewe chochote kutoka katika kazi ile ila harufu ya moshi, na sasa alikuwa na dakika kumi za kumpa. Mke akamfuta vumbi begani.

"Haya, Baba Watoto," alisema. "Nimesikia."

*

Watu ambao hawakukata tiketi kwa miaka kumi walikuja kuiaga treni. Walijaa jukwaani mpaka ukingoni, watoto mabegani, simu juu, kila mmoja na kitambaa cha kupunga. Treni iliingia saa nne na dakika ishirini, imefungwa maua kichwani. Wakaguzi walishuka wakanyoosha miguu. Mheshimiwa alipewa kipaza sauti.

Alisoma historia yote. Alisoma chumvi na mbao, alisoma saa iliyokaa sandukuni, alisoma watu wa bara wenye mchanga masikioni, na watu wakacheka palepale alipocheka stesheni masta. Kisha akaacha karatasi akaanza kusema ya kwake. Kamba ilikuwa imefungwa kukata jukwaa ili wageni wasisukumwe, na upande wa pili wa kamba ile, mlangoni mwa chumba cha akina mama, vijana wanne walisimama na machela.

"Tupisheni, kuna mgonjwa," binti alisema.

"Mheshimiwa anaongea, dada," alijibu askari wa kamba. "Subiri amalize."

"Treni haimsubiri mheshimiwa."

"Basi na wewe unaijua treni kuliko wenyewe."

Mzee Dakika aliyaona hayo kutoka mahali pake chini ya saa. Alikuwa amevaa sare aliyopigiwa pasi na binti, bendera ya kijani kulia, nyekundu imekunjwa kwapani. Alimwona binti akibishana, akaona kona ya shuka jeupe. Akajiambia: tulia, wewe ndiwe mwenye treni. Hotuba ilikwisha saa nne na dakika arobaini na mbili. Makofi. Wakaguzi wakapanda, gadi akasimama kwenye ngazi ya behewa la mbele, akamkazia macho. Kamba ikafunguliwa, machela ikaanza kusogea katikati ya watu. Stesheni masta akaitazama saa. Wenye maduka wakaitazama saa. Mji mzima ulinyamaza ghafla, kwa kuwa kila mtu alijua kinachofuata na alitaka kukiona kwa mara ya mwisho, na katika ukimya huo Mzee Dakika naye, kama alivyofanya maelfu ya siku, aliinua uso akaitazama saa.

Mshale uligusa. Mkono ukapanda.

Alisikia filimbi kabla hajajua alichofanya. Alipogeuka, machela ilikuwa hatua saba kutoka mlango wa behewa la nyuma, ambao ulikuwa wazi, godoro limetandikwa ndani, na mto.

Honi ililia. Mzee Dakika aliitupa ile ya kijani, akaikunjua nyekundu, akaipunga kwa mikono miwili, akakimbia kuelekea kichwa cha treni. Lakini wakati huohuo watu wote walianza kupunga. Walipunga leso, mitandio, mashati, nyekundu kwa buluu kwa manjano, jukwaa zima, na katika vitambaa hivyo vyote dereva angeitambuaje bendera moja? "Mzee Dakika anaaga!" mtu alipiga kelele, na watu wakampigia makofi. Alikuwa akilia, "Simamisha! Simamisha jamani!" na wao wakaitikia kwa vigelegele. Mmoja alimkumbatia. Behewa la nyuma lilimpita na mlango wake wazi.

Makofi yalipoisha ndipo watu walipoiona machela imetua jukwaani, na mwanamke amelala juu yake, amejifunika uso kwa kiganja kwa ajili ya jua. Hakuna aliyesema ule msemo wa mkwe. Walipisha njia, mmoja mmoja, mpaka jukwaa likabaki tupu.

Gadi alipiga simu kutoka kituo cha mbele. Alikuwa amekwenda nyuma kumwamkia shemeji, akakuta godoro tupu. "Lakini uliinua," alisema. "Kaka, si uliinua?"

*

Jumamosi walijaribu lori la chumvi. Walitandika magodoro mawili, na dereva, Mungu ambariki, alikwenda mwendo wa konokono. Mwendo wa saa mbili tu, mgonjwa aliacha kulia, na hiyo ikawatisha kuliko kilio. Wakageuza.

Akalala kota, kitanda kimesogezwa dirishani. Binti alimgeuza kila baada ya muda kama alivyoelekezwa, akamsugua mgongo, akashona akiwa upande mmoja wa kitanda. Upande wa pili alikaa baba yake, ambaye sasa hakuwa na kazi ya kwenda. Barua ya makao makuu ilikuwa imempa siku tisini za kuhama kota, pamoja na shukrani. Alimnywesha mkewe uji kwa kijiko. Alingoja mzaha. Alijua utakuja, alikuwa amejiandaa kwa ajili yake, angeupokea hata kama ungemkata, maana mwanamke huyu hakuwahi kuacha jambo lipite bila kulicheka. Siku zilipita, mzaha haukuja, na hilo lilimuumiza kuliko tusi.

Siku ya tisa tangu treni iondoke, kifua kikiwa kimeanza kukoroma, ni yeye mwenyewe aliyeshindwa.

"Sema basi, Mama Watoto. Nitukane."

"Nikutukane kwa lipi?"

"Unalijua."

Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba utaiinua. Nilimwambia mtoto wawahi, wasikutegemee. Tungewahi, ila yule askari wa kamba."

Mzee Dakika aliweka kijiko chini. "Tangu lini ulijua?"

"Tangu Jumatano, ulipopiga magoti."

"Mbona hukuniambia? Ningempa mtu mwingine bendera. Ningeitupa baharini!"

"Ningekwambiaje," alisema, na akageuza uso dirishani polepole, kwa kuwa hata kugeuza uso kulikuwa kazi. "Ulikuwa umefurahi sana kuniahidi."

Alifariki siku ya kumi na mbili, mchana, binti akiwa na sindano mdomoni, baba amelala usingizi kitini.

*

Mazishi yalipangwa saa nne asubuhi. Watu walianza kufika saa tatu, wakajaa uani na mbele ya kota, wakaendelea mpaka jukwaani, ambako palikuwa na kivuli. Walikuwa walewale waliopunga vitambaa. Stesheni masta alikuwepo, bila kofia. Gadi alikuwa amesafiri kwa basi usiku kucha. Vijana wanne walikuwa wamekwisha kushika mipini, na machela ilikuwa ileile, maana mji ulikuwa na moja.

Saa nne ikapita. Ikapita na robo.

Binti aliingia ndani, akamkuta baba yake chumbani ameketi kwenye kitanda kilichotandikwa, sare mwilini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikuwa akijaribu kufunga kamba ya kiatu ambacho hajakivaa. Kamba ilikuwa ikimponyoka katika vile vidole vilivyofuta mistari ya ubao bila kutoka nje ya mstari. Binti alipiga magoti akamvisha.

"Saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Hakuna neno, Baba."

"Nimeuliza saa ngapi."

"Nne na nusu imepita."

Alishtuka, akataka kusimama, akarudi kuketi. "Waambie waende. Watu wana shughuli zao. Mimi nitawafuata nyuma."

Binti alikwenda mpaka mlangoni, akasimama hapo muda mfupi, akarudi.

"Nimewaambia," alisema. "Wamekataa. Wanasema watakusubiri."

Mzee Dakika alisikiliza. Nje, watu wote wale, hakuna aliyekohoa. Kupitia dirishani alimwona gadi chini ya saa ya ukutani, amesimama wima kama aliye kazini, na ameipa saa mgongo. Ilimchukua mzee robo saa nyingine mpaka akaweza kusimama, na walimsubiri.